Mwana Hana Mshahara

Mke wangu alikuwa akilipwa kuwaogesha wazee wa watu, na mshahara wake ulikuja na karatasi. Alikwenda nchi ya baridi kwa kibali cha kutunza wazee, kibali ambacho hakikuwa na nafasi ya mume. Mwezi wa kwanza tu akanitumia picha ya karatasi hiyo, si kwa kujigamba. Ilimshangaza.

"Hebu tazama," akaniambia kwenye simu. "Huku ukimpa mzee maji, imeandikwa. Ukimgeuza ubavu, imeandikwa. Mie nimemuuguza bibi yangu mpaka akafa, hata ahsante sikuandikiwa."

"Ungedai."

"Ningemdai nani? Keshakufa."

"Mali ya Mungu haipotei. Subiri."

Akacheka, nami nikacheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka.

Yeye ndiye aliyegundua kwamba kule wanawatafuta mafundi wa mafriji. Nilidhani ananitania. Nchi ambayo mtu akitema mate yanaganda kabla ya kufika chini, friji ya nini? Si wafungue dirisha? Lakini akanisomea mwenyewe, polepole, akinifasiria: fundi wa mafriji na majokofu, mwenye uzoefu uliothibitishwa, anaweza kuomba kwa ufundi wake mwenyewe, si kwa mgongo wa mke. Nikamwambia arudie. Akarudia. Sikuwa na shaka na masikio yangu, ila mimi kitu cha bei kubwa hukisikiliza mara mbili.

Ufundi nilikuwa nao. Uzoefu nilikuwa nao. Neno lililobaki ni lile la tatu, "uliothibitishwa", na hilo ndilo lililonila.

Niliingia katika banda la fundi wa mafriji pale Jadida, mtaa wa Wete, Pemba, nikiwa mtoto. Baba yangu aliyenizaa alikuwa ameshakufa. Watu wake walikuja kutoka bara zamani, kwa ajili ya karafuu, na yeye hakuniachia kitu ila sura yake, ambayo watu wa mjini Wete wakiiona tu wanajua asili yake. Mama alinishika mkono, akanipeleka kwa yule mzee, akasema maneno ambayo kwetu husemwa mtoto anapokabidhiwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani: "Nyama yako, mifupa yangu." Yaani mfundishe, mchape ikibidi, ila umrudishe mzima.

Yule mzee na mkewe hawakujaaliwa mtoto. Mwaka uliofuata mama akafa, na hakukuwa tena na wa kurudishiwa mifupa.

Basi nikawa mtoto wao wote wawili, nyama na mifupa. Mbele ya wateja nilimwita fundi, nyumbani nilimwita baba. Alinifundisha kuchomelea bomba la shaba bila kulitoboa, kusikiliza kompresa kama daktari anavyosikiliza kifua, kujua gesi imevuja wapi kwa povu la sabuni. Fedha ya kazi iliingia katika kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati. Nikitaka shati, nachukua. Yeye akitaka samaki, anachukua. Hatukuwahi kuulizana. Mimi ni mtu wa kubishana bei mpaka na muuza ndizi, nimewahi kurudi sokoni kwa sababu ya chenji ambayo mwenzangu angeiita sadaka, lakini kopo lile sikuwahi kulihesabu hata mara moja. Na aliyelipa mahari yangu ni kopo hilohilo.

Nitaje na posa, maana ndiko mambo yalikoanzia bila mimi kujua. Kwetu kijana akiposa, upande wa mke humtafuta mtu mzima anayemjua, wakaenda kumuulizia: ni mwana wa nani, anasali, ana kazi, ana hasira? Mke wangu kwao ni Ole, watu wa mihogo na mikarafuu, wenye asili yao ya kisiwani tangu na tangu. Walikuja wazee wawili kwa baiskeli, wakakaa barazani, wakaanza kwa mbali. Walitaka kujua kama mimi ni kijana wake wa kazi tu. Mzee wangu akaweka kikombe chini.

"Huyu si kijana wa kazi. Huyu ni mwanangu wa kumzaa," akawaambia. "Mkimpa yeye, mmenipa mimi."

Walinitazama mimi, wakamtazama yeye, wakaona kwamba hatufanani hata kwa ukucha. Wakanywa kahawa yao. Wiki iliyofuata nikapewa mke.

Sasa, ushahidi. Watu wa visa walitaka barua ya mwajiri, mkataba, karatasi za mshahara, na simu ya mwajiri ili waulize wenyewe. Mkataba wangu ulikuwa maneno ya mama, na mama yuko kaburini. Karatasi za mshahara zilikuwa shati, samaki na mahari. Nikaanza kuzunguka kutafuta watu waandike kwamba mimi ni fundi.

Nilianza Tumbe, kwa bibi mmoja anayegandisha maji katika mifuko ya plastiki na kuwauzia barafu wachuuzi wa samaki. Majokofu yake yote nimeyafufua mimi, jingine zaidi ya mara moja.

"Shikamoo bibi. Nataka uniandikie kwamba nimekutengenezea majokofu."

"Marahaba. Niandike ya nini? Si hayo yananguruma? Waambie waje wasikilize."

"Wako mbali, bibi."

"Basi uwapigie simu, niwawekee sikioni."

"Wanataka karatasi."

"Hebu kwanza lile la pembeni lina kelele. Litazame, kisha tuandikiane."

Nikalitengeneza bure, ili niandikiwe kwamba hutengeneza kwa malipo. Niliona kichekesho chake palepale, lakini nilikuwa nanunua, na mnunuzi hacheki mbele ya muuzaji.

Nilipata watu wa Tumbe, nikapata mwenye duka la soda Ole, nikapata muhuri wa sheha, mkuu wa mtaa wetu. Kilichobaki kilikuwa barua ya mwajiri. Kuhusu mshahara, sikuandika uongo. Nilikaa na kijana anayepiga chapa Kiingereza karibu na soko, nikageuza kila nilichowahi kupewa kikawa fedha: chumba nilicholala, chakula, nguo, mahari. Nikagawa kwa miezi. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu, ikaja sawa. Kwa mara ya kwanza nikajua nililipwa vizuri kuliko walimu.

Jioni nikamsomea mzee kwa Kiswahili. Alisikiliza amefumba macho.

"Mbona umejiandika kibarua?"

"Mwajiriwa, baba. Ndivyo wanavyotaka."

"Wanataka nikutukane?"

"Wanataka wajue nimefanya kazi."

"Aa, kazi umefanya." Akachukua kalamu, akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kama alivyonitilia sahihi zamani katika karatasi za skuli. Hakusaini kwa kukubaliana nami. Alisaini kwa sababu nilimwomba.

"Watakupigia simu, baba. Wataulizia habari zangu kwako."

"Wapige. Nitakusemea."

"Utasemaje?"

"Nitasema kweli. Kwani una la kuficha?"

Nikaona yamekwisha. Mimi, niliyejifunza kutouziwa mbuzi kwenye gunia, sikufungua gunia hilo nikatazame mna nini.

Simu ilikuja baada ya miezi, siku nimeisahau. Ilikuwa baada ya alasiri. Tuko wote wawili nyuma ya banda, mimi na moto wa kuchomelea mkononi, bomba lishakuwa jekundu. Mzee alikuwa hasikii vizuri siku hizo, kwa hiyo simu yake ilipiga kelele kama redio. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha bara, kimenyooka kama rula. Barua yao ilisema wazi kwamba mwombaji asimwelekeze shahidi wake kwa neno wala kwa ishara, nami niliogopa hata kukohoa.

"Habari za leo, mzee. Naongea na mwenye banda la kutengeneza mafriji?"

"Masalkheri, mwanangu. Hujambo? Watu wako hawajambo?"

"Hatujambo. Nina maswali machache kuhusu mtu aliyeomba visa ya kazi. Anasema yeye ni mwajiriwa wako."

"Nani kasema hivyo?"

"Yeye mwenyewe. Na barua yako."

Mzee akacheka, kicheko cha raha. Akanitupia jicho. Na hapo, kwa namna alivyokaa, alivyonyoosha mgongo na kuvuta kofia yake mbele, nikajua. Nilishamwona akikaa vile mara moja tu, siku ya wale wazee wawili wa baiskeli.

"Huyo ana adabu sana," akasema. "Hajikwezi mbele za watu. Ndivyo nilivyomlea."

"Kwa hiyo si mwajiriwa wako?"

"Nisikilize, binti yangu. Huyu ni mwanangu wa kumzaa. Sina mwingine."

Upande wa pili vidole vikagonga vibonye. Nikatikisa kichwa, nikatikisa na mkono wenye moto. Mzee akaninyooshea kiganja: tulia, nakusemea.

"Alikuwa akifanya kazi saa ngapi kwa wiki?"

"Saa? Mtoto kwao ana saa? Akiamka yupo, akilala yupo."

"Na mshahara wake ulikuwa kiasi gani?"

"Mimi nimlipe mwanangu! Mungu apishe mbali. Kilichomo humu chote ni chake. Mimi ndiye ninayemwomba yeye."

"Hujawahi kumlipa, basi?"

"Hata siku moja, alhamdulillahi."

Vidole vikagonga. Mzee akaona binti yuko kimya, akadhani bado anapima, akamwongezea mizani.

"Anasali. Hanywi, havuti. Hasira hana, ila ukimpunja katika bei. Na mke wake ni yuleyule wa kwanza."

"Ahsante sana, mzee. Umenisaidia sana."

"Karibu Pemba, mwanangu. Siku ukija fikia kwetu."

Akazima simu, akanigeukia, uso wote unang'aa.

"Umemsikia? Nimemsaidia sana."

Bomba lilikuwa limeshatoboka. Nikazima moto. Nikamwambia, "Nimesikia, baba. Ahsante." Mtu kasimama mbele ya watu wa nchi nyingine akasema kitu ambacho mtoto yatima angeuza macho yake asemewe. Ungemkemea vipi? Ungeanzia wapi?

Jibu lilikuja kwa maneno machache. Maelezo ya barua na maelezo ya mwajiri hayalingani. Kazi ya ndani ya familia isiyo na malipo haihesabiwi. Na kwa kuwa nilileta maelezo yasiyo ya kweli, nisirudi kuomba mpaka ipite miaka kadhaa. Nilimpelekea mke wangu. Hakupiga siku ile. Alipopiga, hakumlaumu mzee hata kwa neno moja, na hilo lilinikata zaidi.

"Kasema hivyohivyo alivyowaambia baba zangu," akasema.

"Hivyohivyo. Hakuongeza, hakupunguza."

"Na wao walikupa."

"Walinipa."

Nadhani alikuwa kazini. Nyuma yake kulikuwa na mzee wa watu akiita, naye akamjibu kwa lugha yao, kwa upole, upole ule niliozoea kusikia ukielekezwa kwangu.

Mzee sikumwambia. Kila baada ya muda aliuliza: "Wale wa simu, hawajajibu?"

"Bado, baba. Serikali za watu, zina mambo mengi."

"Wale si watu wa heshima. Ntu akitaka kukataa posa husema. Haiwekwi hivi ikaoza."

Iliwekwa, na ikaoza. Mke wangu alivumilia kuliko nilivyostahili. Kuja likizo alikuja mara moja, akanikuta nimekuwa mtu anayesema sana bei za vitu na hasemi jingine. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka bandarini Wete, nikabishana na mchukuzi wa mizigo juu ya begi moja, nikashinda, na nilipogeuka yeye alishapanda. Mwaka mwingine ukapita. Siku moja akasema kwenye simu, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema peke yake:

"Mume wangu, nimechoka kuwa mke wa simu."

"Simu ipi? Hii yangu hata chaji haikai."

Hakucheka. Nikangoja, labda kicheko kimechelewa njiani. Hakikuja.

Sikubishana. Watu wanaonijua wangeshangaa. Nilimwandikia talaka yake kwa wema, moja, nikaipeleka kwa kadhi. Hiyo ndiyo karatasi pekee katika habari hii yote iliyokubaliwa mara ya kwanza.

Talaka haifichiki. Mzee alipopata habari alikaa kitako juu ya mkeka, mguu mmoja ameukunja, mpaka maghribi ikaadhiniwa. Ndipo akaniuliza kama bado ninayo nambari ya yule binti wa simu.

"Ya nini, baba?"

"Nimpigie tena. Pengine sikusema ya kutosha."

Nikamwambia nambari imepotea. Nilikuwa nayo mfukoni.

Mwisho wake ulikuwa mrefu. Mkewe alikwisha kutangulia, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili. Nilimwogesha, nilimgeuza ubavu asishikwe na vidonda, nilimpa maji kwa kijiko. Mara nyingine nikimgeuza, mke wangu ananijia akilini, naye pengine saa hiyohiyo anamgeuza mzee wa watu huko aliko. Yake inaandikwa.

Alipokufa nilimshusha kaburini kwa mikono yangu, nikasimama pale juu nikasema lile linalosemwa na mwenye maiti: anayemdai marehemu aje kwangu. Hakuja mtu. Hakuna aliyeuliza kwa nini nimesema mimi.

Baada ya khitma akaja kijana kutoka Unguja, mtoto wa ndugu yake marehemu. Yeye na ndugu zake ndio warithi. Sheria ya Mungu naijua na sikuwa na neno nayo: mtoto wa kulea harithi. Wala kijana hakuwa mbaya. Alinipa pole vizuri, akala tulichokula, akatembea katika banda akigusa vitu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Kisha akatoa karatasi aliyoandikiwa mjini na mtu anayejua mambo hayo.

"Kaka, ni utaratibu tu. Ili banda liuzike pasiwe na maneno. Soma kwanza."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba marehemu alikuwa na mwajiriwa mmoja, fundi wa mafriji na majokofu, aliyemwajiri tangu mwaka fulani mpaka kufa kwake, akifanya kazi siku zote isipokuwa Ijumaa, kwa malipo. Kwamba mwajiriwa huyo hana udugu wa damu na marehemu. Kwamba atapewa kiinua mgongo na vifaa vya kazi, na hatadai zaidi. Chini palikuwa na sahihi za mashahidi. Muhuri wa sheha ulikuwa palepale panapotakiwa.

Nikasoma tena. Jina langu, kazi yangu, miaka yangu, malipo. Hapakukosekana kitu. Ningeipata barua ile wakati wake, sasa hivi ningekuwa nimefungua madirisha ya nchi ya baridi, mke wangu yuko jikoni ananikemea niyafunge.

"Iko sawa?" kijana akauliza.

"Futa mstari huu."

"Upi?"

"Wa mwajiriwa."

"Kaka, mbona huo ndio unaokulinda? Bila huo huna haki hata ya bisibisi."

"Futa na bisibisi."

Alidhani namtega ili aongeze. Mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara nami angedhani hivyo. "Basi chukua na mtungi wa gesi, na geji zote za kupimia. Na kiinua mgongo nitazungumza na wenzangu."

"Sitaki mtungi."

"Chukua na kabati."

"Kabati liuze. Bawaba ya kushoto imelegea, mwambie mnunuzi mapema asije akakurudishia."

Tukaenda hivyo, yeye akipanda, mimi nikishuka, biashara inarudi kinyumenyume, mpaka akaishiwa na vitu vya kunipa. Akanitazama sana. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, akapiga wa pili.

"Sasa niandike ulikuwa nani wake?"

Kopo la maziwa lilikuwa juu ya kabati. Sikulitazama.

"Acha wazi."

Akaacha wazi. Nikatia sahihi kwamba sidai kitu. Kisha nikatoa funguo za banda nikamwekea kiganjani: wa mlango, wa kufuli la nyuma. Mbili. Nikamwambia afungue kiganja, nikazihesabu tena.